Rangi ya Maji ya Bondeni

Mkazi wa Madungu, hapa Chake Chake, hahitaji maabara ili aujue mwanzo wa jambo hili: masika yakikaza, na ateremke bondeni mvua ianukapo, achote maji ya kijito kwa bilauri, ayaache mpaka tope litue, naye ataona ya kuwa yale yaliyobaki juu, ijapokuwa hayana tena chembe ya udongo ionekanayo, yana umanjano kama wa chai hafifu. Nami siutaji mfano wa chai kwa kupamba maneno, kwani ndiyo hakika yenyewe: majani ya mikarafuu na miembe yaozayo ardhini huachia majini masalia yaliyoyeyuka hata yakapita katika chujio ambalo tundu zake hazifikii nusu ya sehemu moja katika elfu ya milimita. Wanawake wanaofukia makumbi pwani ili wapate usumba wanaijua rangi hiyo, na ndugu yake ni ile itokayo katika magome ya mikoko, ambayo zamani yalisafirishwa ng'ambo kwa kudabighia ngozi.

Ama kiasi cha rangi hiyo katika ziwa, huamuliwa na mvua, na umbile la nchi, na muda. Nami naona muda ndio unaosahauliwa. Mteremko mkali huyapitisha maji upesi, bali kinamasi huyashika, na kwa kuwa chini yake hakuna hewa, uozo haukamiliki, na ile chai huzidi kukolea. Ndiyo maana ziwa moja la Kongo, lisilo na kina kirefu, lililozungukwa na misitu ya vinamasi ambayo mvua haiachi kuinyeshea karibu mwaka mzima, likaitwa Mai-Ndombe, yaani maji meusi. Kigoma nayo iko kusini ya ikweta kwa digrii 5 hivi, sawa na Chake Chake, na jua letu ni moja. Lakini Ziwa Tanganyika, ambalo Kigoma iko kando yake, lina kina cha mita 1,470, na maji yake hukaa humo karne kadhaa, ilhali ya kijito chetu huifikia bahari kabla jua halijapata kuyapausha. Katika karne hizo nuru huivunjavunja rangi, bakteria wakala mabaki yake, na masalia yanayosalia aghalabu huwa ni ya mwani wa ziwani humo humo, yasiyo na rangi kubwa. Maji yakawa maangavu.

Mwaka 1974 Johannes Rook, mkemia wa Rotterdam, alidhihirisha kuwa klorini itiwayo katika maji yenye masalia haya huungana nayo ikazaa klorofomu. Hiyo si hoja ya kuiacha dawa, maana kipindupindu huweza kuua kwa saa chache. Ni hoja ya kutangulia kutia shabu, igandamane na rangi, izame nayo, ndipo klorini ifuate.