Mieleka Ambayo Mshindi Wake Hapangwi

Banda la gemu la kaka yangu, hapa Ngamiani, Tanga, halikupata kutulia kwa sababu ya ubishi mmoja: mieleka ya kwenye TV ni ya kweli au ni maigizo? Mimi ndiye niliyekuwa nakusanya hela na kuwakatia watu muda, kwa hiyo niliusikia ubishi huo mpaka ukanichosha. Wenyewe Wamarekani walishaumaliza mwaka 1989, pale kampuni ya mieleka ya Vince McMahon ilipolieleza baraza la seneti la jimbo la New Jersey kwamba mieleka yao ni burudani, si mashindano, ili wasibanwe na masharti na kodi za tume ya michezo. Mshindi anajulikana kabla kengele haijalia.

Kwenye PS2 za kaka hakukuwa na wa kumpanga mshindi. Hiyo ndiyo raha niliyoikuta tena nilipolitoa kabatini SmackDown! Here Comes the Pain.

Gemu hili lilitoka Oktoba 2003. Lilitengenezwa na Wajapani wa Yuke's na kuuzwa na THQ ya Marekani. Mwaka mmoja nyuma WWF, kampuni hiyo ya McMahon, ilikuwa imelazimika kujiita WWE, baada ya kubanwa mahakamani Uingereza na shirika la kuhifadhi mazingira linalotumia herufi hizohizo za WWF. Ndani wamo Undertaker, The Rock, Goldberg, Brock Lesnar, marehemu Eddie Guerrero, na John Cena ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anachipukia.

Jumapili moja mtoto wa kaka alichagua Rey Mysterio, akanipa mimi Big Show. Amezoea magemu ya simu, ambako ukibonyeza jambo linatokea. Akanikamata, akajaribu kuninyanyua, wapi! Akajaribu tena.

"Shangazi, pedi yako hii mbovu."

"Pedi nzima. Mzito huyo, hanyanyuki."

Kwenye TV utamwona mtu mdogo akimwinua pandikizi la mtu na kumbwaga. Inawezekana kwa sababu anayenyanyuliwa anasaidia: anaruka kidogo, anajiegemeza, anajua ataangukaje. Yuke's waliuondoa msaada huo. Wachezaji wamegawanywa kwa uzito, na mwepesi hamwinui mzito kupita kiasi hata ukivunja vitufe. Inabidi utafute njia nyingine: mateke, kuruka kutoka kwenye kona ya ulingo, kumzungusha mpaka achoke.

Na kuchoka kwenyewe kuna hesabu. Kila mchezaji ana kielelezo kidogo cha mwili wake kwenye kioo: kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu. Sehemu inayopigwa sana inabadilika rangi mpaka inakuwa nyekundu. Ukimwandama mtu mguu mmoja kwa muda mrefu, kisha ukaukunja kwa ule mkunjo wa mwanamieleka Kurt Angle, hachelewi kusalimu amri. Waliokuwa wakiogopewa pale bandani walikuwa wale watulivu waliochagua mguu tangu mwanzo na kubaki na huohuo, si wenye kupiga kelele.

Maigizo nayo hayakutupwa. Ukimkejeli mpinzani aliyelala chini, ukatamba mbele ya watazamaji, mzuka wako unapanda na unakaribia kupata pigo lako la kumalizia. Lakini ukitamba, umesimama wazi. Mwenzako akiamka kabla hujamaliza mbwembwe, umeliwa. Yuke's walichukua kitu ambacho kwenye TV ni cha kufurahisha watu tu, wakakitia gharama.

Anayetaka kulicheza leo, aanze na TV. Pedi ina vitufe vya kujibu mashambulizi, kimoja cha mapigo na kingine cha mikamato, na kila kimoja kinataka kibonyezwe kwa wakati wake hasa. TV ya chogo inaonyesha picha papo hapo inapoingia kwenye waya. TV bapa inapokea ile picha ya zamani, inaigeuza, inaitanua ijae kioo, ndipo inakuonyesha. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini inatosha kukufanya uzuie ngumi iliyokwisha kutua. Nilipohamia kwenye chogo la jirani, mikono yangu ilirudi kazini.

La pili ni jicho linalosoma diski. Likianza kuchoka, gemu linaganda wakati wachezaji wanaingia ulingoni. Mpelekee fundi alisafishe kabla hujafikiria kutupa mashine.

THQ ilifilisika, Desemba 2012 iliomba kinga ya mahakama, na magemu ya mieleka yakahamia kwa kampuni ya 2K, ambayo magemu yake yanaonyesha hadi jasho la mchezaji. Mtoto wa kaka anayajua hayo yote kwa majina. Lakini Jumapili ile alimwacha Rey kwenye miguu ya Big Show, teke baada ya teke, mpaka kielelezo changu kikawa chekundu kuanzia magotini kwenda chini. Hakuna mwandishi aliyempa ushindi ule. Alinifunga kwa kunisoma, nami nilikuwa nimekaa palepale pembeni yake nikijaribu kumzuia.