Kihisi Kinachochoma Gesi ili Kuitambua

Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978, na sehemu ndefu ya njia yake inapita katika Kaunti ya Taita Taveta. Petroli, dizeli na mafuta ya ndege husukumwa katika njia hiyo kwa zamu. Vituo vya pampu katika kaunti hiyo vilijengwa Maungu na Manyani, kila kimoja upande wake wa mji wa Voi. Mwaka 2018 lilikamilika bomba jipya la kipenyo cha inchi 20.

Panaposukumwa petroli kwa shinikizo kubwa pana sili za pampu, valvu na maungio, na yote hayo yanaweza kuvuja. Katika joto la nyika ya Voi, petroli iliyomwagika haikawii kugeuka mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Huweza kulipuka ukifikia takriban asilimia 1.4 ya hewa. Ukipita kama 7.6 hauwaki tena, kwa kuwa oksijeni haitoshi. Kihisi cha gesi ziwakazo husoma kuanzia 0 hadi 100, na hiyo 100 ni ile asilimia 1.4, si chumba kilichojaa mvuke. Kwa kawaida king'ora cha kwanza huwekwa kwenye 20 au karibu na hapo, ili watu wapate nafasi ya kuzima pampu na kufunga valvu.

Aina moja, kihisi cha kikatalisti, hufanya kazi kwa kuichoma gesi yenyewe. Ndani yake mna waya mwembamba wa platini uliozungushwa na kufunikwa kwa punje ndogo ya oksidi ya alumini iliyopakwa kichocheo, mara nyingi paladi. Umeme huipasha punje hiyo hadi nyuzi 500 hivi za selsiasi. Mvuke wa petroli ukiigusa, huungua juu yake bila kutoa mwali, hata ukiwa haba kiasi cha kutoweza kushika moto hewani. Joto hilo huongeza ukinzani wa waya. Kando yake kuna punje ya pili isiyo na kichocheo. Hiyo huathiriwa na jua na unyevu kama mwenzake, lakini haichomi gesi. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kipimo, kwa hiyo mchana wa Maungu hauhesabiwi kuwa uvujaji. Punje zote hukaa nyuma ya kifuniko cha chuma chenye vitundu vidogo mno, kinachopitisha gesi na kuzuia moto usitoke nje.

Wazo hilo lilizaliwa katika biashara ya mafuta. Miaka ya 1926 na 1927 Oliver Johnson, aliyekuwa katika kampuni ya Standard Oil ya California, alitengeneza chombo cha namna hiyo kwa ajili ya kupima hewa ya matangi. Punje yenye kichocheo ilikuja baadaye kutoka Uingereza, kwa watafiti wa usalama wa migodi ya makaa ya mawe.

Mahali pa kufunga kihisi ni muhimu kuliko bei yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kadhalika gesi ya kupikia; kihisi chake hukaa karibu na sakafu, kwenye mitaro na mashimo ya valvu. Hata hivyo, vihisi vya kituo hulinda kilicho ndani ya uzio tu. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka mitambo ya bomba hilohilo iliteremka kwenye mfereji hadi mtaa wa Sinai, Nairobi, ikawaka na kuua watu zaidi ya 100.

Udhaifu mkubwa wa kifaa hiki ni kwamba kinaweza kufa kimyakimya. Hewa safi husomeka 0. Kihisi kilichoharibika nacho husoma 0. Risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli ilikuwa sumu ya kichocheo, na Kenya iliachana na petroli ya aina hiyo kufikia mwaka 2006. Silikoni bado ipo: katika grisi, gundi za kuzibia na dawa za kung'arishia. Fundi anayepulizia moja ya hizo karibu na kihisi anaweza kukipofusha bila kujua. Vumbi jekundu la Voi nalo huziba vitundu vya kifuniko. Tena, gesi ikizidi sana na oksijeni ikapungua, punje haiwezi kuchoma, na namba hushuka wakati ambapo ingepaswa kupanda.

Kwa sababu hiyo kihisi hakiaminiki kwa kuwashwa tu. Hupuliziwa gesi ya kipimo kinachojulikana kutoka mtungi mdogo, ikaangaliwa kama namba inapanda inavyostahili na king'ora kinalia. Kile cha kubebwa mkononi hufanyiwa hivyo kabla ya kazi ya siku, hasa panapotarajiwa kuchomelea vyuma.

Vihisi vya mwanga wa infraredi havina kichocheo cha kuharibika wala havihitaji oksijeni, navyo vimechukua nafasi kubwa kwenye mitambo ya mafuta. Lakini haviioni hidrojeni. Chumba cha betri za akiba, ambamo gesi hiyo hutoka betri zinapochajiwa, bado huweza kulindwa na kihisi kinachochoma, nacho hufungwa karibu na dari kwa sababu hidrojeni hupanda.