Mzee Maruge na Barua Yake

Wako watu wadhanio kwamba sinema ni mchezo wa kupitishia wakati tu. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka tulipoitazama nyumbani kwangu, hapa Kapkatet, sinema iitwayo The First Grader, iliyotolewa mwaka 2010. Aliyeiongoza ni Bwana Justin Chadwick wa Uingereza, na mzee mwenyewe ameigizwa na Mkenya mwenzetu, Bwana Oliver Litondo.

Asili ya hadithi hii ni habari ya kweli. Mwaka 2003 Serikali ilifuta ada katika shule za msingi. Mwezi wa Januari, 2004, Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret. Katika sinema anafukuzwa langoni, kisha anarudi amevaa kaptura na soksi ndefu kama watoto. Anayo barua kutoka ofisi ya Rais, naye ataka kuisoma kwa macho yake mwenyewe.

Lakini kiini cha sinema ni msiba. Wakati wa vita vya Mau Mau mkewe na watoto wake waliuawa, naye akatiwa kizuizini. Akiwa darasani, kati ya watoto wa watu, sura za wake humjia. Wengine wamwona mzee mkaidi. Mzigo alioubeba hawauoni.

Hapo nilimkumbuka mzee mmoja wa huku kwetu. Mimi ni karani, na wazee huniletea karatasi zao niwasomee. Huyu alileta barua iliyochakaa, yenye habari za baba yake, askari wa K.A.R. aliyefia Burma. Niliisoma upesi, kwa kuwa watu walikuwa wengi mlangoni. Akaniambia, "Mwanangu, yaliyomo nayajua. Nilitaka kulisikia jina lake tena." Niliona haya, nikaisoma mara ya pili, polepole.

Mzee Maruge alifariki tarehe 14 Agosti, 2009. Mwezi wa Juni, 2013, Serikali ya Uingereza ilitangaza masikitiko yake kwa mateso ya wakati ule, ikakubali kuwalipa watu 5,228. Yeye hakuwahi kuisikia habari hiyo.

Basi, ndugu msomaji, wazee hawatungoji. Kama nyumbani kwenu yuko aliyefiwa vitani, wa upande wowote, keti naye jioni moja, umwulize majina ya waliopotea, uyaandike. Kuuliza si ujinga.