Damu ya Ziwa mbele ya daktari wa marubani

Wapange watoto watano waliozaliwa Kanda ya Ziwa, na mmoja wao huenda amerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa baba au mama. Damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa mikoa ya kaskazini magharibi, iliyopimwa katika Hospitali ya Bugando na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2020, ilionyesha kwamba wabebaji wa kinasaba hicho wanafika asilimia 20, na wenye ugonjwa wenyewe wanazidi kidogo asilimia 1. Mgonjwa amerithi kwa wazazi wote wawili. Huyo ndiye ambaye mitaani husemwa ana sikoseli. Mbebaji amerithi kwa mmoja tu. Anacheza mpira, anavuta nyavu, anabeba magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, anazeeka, na mara nyingi anazikwa bila kujua alikuwa na nini.

Isipokuwa akitaka kurusha ndege ya kivita.

Hapo damu ambayo haikumsumbua hata siku moja inaweza kugeuka kuwa swali. Kabla ya kuuliza swali hilo linajibiwaje, inafaa kujua lilitoka wapi, maana safari yake ilianzia huku huku ziwani. Mwaka 1949 kijana wa Oxford aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Akaona jambo la ajabu: wakazi wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria walikuwa na kinasaba cha selimundu kwa wingi, zaidi ya mtu mmoja katika watano sehemu nyingine, ilhali wa nyanda za juu zenye baridi hawakuwa nacho kabisa au walikuwa nacho kidogo sana. Ramani ya kinasaba ilifanana na ramani ya mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake. Katika jaribio ambalo leo lisingepita kamati yoyote ya maadili, wanaume 30 wa Kiluo waliambukizwa malaria. Kati ya 15 wasio na kinasaba, 14 walipatikana na vimelea, na kati ya 15 wabebaji, wawili tu. Kumbe kinasaba hicho ni silaha ambayo mababu waliishi kwa sababu yake.

Miaka 16 baadaye silaha hiyo ilisomewa mashtaka. Mwaka 1970 jarida la kitabibu la New England liliripoti vifo vya makuruta wanne weusi wa Jeshi la Marekani waliokuwa mafunzoni Fort Bliss, Texas. Wote walikuwa wabebaji. Wote walianguka katika mazoezi makali. Waandishi wa ripoti walitaja pia mwinuko wa kambi: takriban mita 1,240 juu ya usawa wa bahari.

Msomaji wa Mwanza anaweza kutabasamu hapo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134, na uwanja wa ndege wa Mwanza uko juu kidogo ya hapo. Watu wa Igogo na Nyakato wamekuwa wakipanda milima ya mawe na ndoo kichwani, kwenye mwinuko unaokaribia ule wa Fort Bliss, vizazi na vizazi.

Lakini Marekani ya wakati ule haikuwa na vizazi vya kuangalia. Chuo cha Jeshi la Anga kule Colorado, kilichojengwa kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, kilifunga mlango kwa wabebaji. Mashirika ya ndege nayo yakaanza kuwaondoa angani baadhi ya wahudumu wao. Mwaka 1973 jopo la wanasayansi lililoombwa ushauri na serikali lilisema wabebaji wasibaguliwe katika kazi za kijeshi, ila likaacha nje kundi moja: marubani na wasaidizi wao. Vijana waliofaulu masomo, mbio na usaili walirudishwa nyumbani kwa sababu ya karatasi ya maabara. Kesi ya kupinga katazo hilo ilipofika mahakamani, jeshi halikusubiri hukumu. Mwaka 1981 sera ile ikafutwa.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu: ubaguzi umeshindwa, haki imepatikana. Kilichofuata hakikuwa chepesi hivyo. Mwaka 1987 madaktari wa majeshi ya Marekani walihesabu vifo vya ghafla vya makuruta na kukuta kwamba mbebaji alikuwa na hatari ya kufa mazoezini karibu mara 30 ya ile ya kuruta mweusi asiye mbebaji. Hatari haikuwa ya kubuni. Dawa yake tu ndiyo ilikuwa imekosewa. Badala ya kumfukuza kijana, makambi yalianza kubadili mazoezi: maji ya kutosha, kupumzika joto linapozidi, mbio zinazopanda polepole wiki hadi wiki, na mkufunzi anayejua kwamba anayelalamika misuli inabana si mvivu. Mwaka 2016 utafiti uliofuatilia askari weusi wapatao 48,000 wa Jeshi la Marekani haukukuta tofauti ya vifo kati ya wabebaji na wengine. Ulichokuta ni kwamba kuumia kwa misuli kutokana na mazoezi kulikuwa juu kwa asilimia 54. Hiyo ni tahadhari ya kuandikwa kwenye faili, na kijana akaendelea na mafunzo. Katika urubani wa kiraia wa Marekani na Uingereza leo, ubebaji peke yake haumzuii mtu kupata leseni. Mwenye ugonjwa wenyewe ni suala jingine.

Kinachovutia katika urubani wa kiraia ni kwamba msamaha wa kiafya umeandikwa ndani ya sheria yenyewe. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kinachoongoza leseni za marubani katika nchi zote wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, Tanzania ikiwamo, kinaweka viwango vya macho, masikio, moyo na akili. Kisha kinakiri kwamba binadamu hawakutoka kiwandani. Asiyefikia kiwango fulani anaweza bado kupewa leseni iwapo madaktari waliobobea watathibitisha kwamba upungufu wake hauhatarishi usalama wa safari. Ujuzi na uzoefu wake vinapimwa pamoja na mwili wake, na leseni inaandikwa masharti: avae miwani, au asiruke bila rubani mwenzake pembeni.

Nyuma ya masharti hayo kuna hesabu. Wadhibiti wengi, hasa wa Ulaya, hutumia kipimo cha asilimia moja: iwapo uwezekano wa rubani wa ndege yenye marubani wawili kuzidiwa ghafla hauzidi asilimia moja kwa mwaka, anaweza kuruka. Swali linahama kutoka "huyu ni mzima?" kwenda "hatari yake ni kiasi gani, na nani yuko karibu naye ikitokea?" Kwa Kanda ya Ziwa jambo hilo si la mbali. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan ambazo hutoka Mwanza kwenda viwanja vya vumbi vya Serengeti zinaweza kurushwa na mtu mmoja. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa humtaka rubani wa abiria anayeruka peke yake, akishatimiza miaka 40, apimwe upya kila miezi sita, wakati mwenzake anayeruka na rubani wa pili hupimwa kila mwaka mpaka afikishe 60.

Macho ndiyo huwapiga chini wengi, na mara nyingi bila sababu ya kukata tamaa. Imani kwamba mvaa miwani hawezi kuwa rubani haitaki kufa. Kiwango cha leseni ya biashara ni kuona 6/9 kwa kila jicho na 6/6 kwa macho yote mawili, kwa miwani au bila miwani. Rangi ni ngumu zaidi. Vitabu vya vidoti vilivyobuniwa na Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917 bado viko mezani kwa madaktari, na kijana asiyeona namba iliyojificha kati ya vidoti vyekundu na kijani hutoka jasho. Hata hapo kuna mlango wa pili: akiweza kutambua taa za rangi zinazotumika katika safari za anga, anahesabiwa kuwa amefaulu. Akishindwa na hapo, leseni ya kuruka kwa ajili yake mwenyewe, mchana tu, bado haijamponyoka.

Historia ya Afrika Mashariki ina rubani wa kusimulia hapa. Novemba 1939 mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam, Roald Dahl, aliendesha gari mpaka Nairobi kujiandikisha katika Jeshi la Anga la Uingereza. Alikuwa na urefu wa karibu mita mbili, na chumba cha rubani wa kivita hakikujengwa kwa watu wa namna hiyo. Wakampokea hivyo hivyo. Vita ilikuwa na haraka. Septemba 1940 akaanguka na ndege katika jangwa la Afrika Kaskazini, akavunjika fuvu. Miezi michache baadaye madaktari walimpitisha tena, na Aprili 1941 alikuwa angani Ugiriki. Kisha maumivu ya kichwa na kupoteza fahamu vikamrudia, na mwaka huo huo akarudishwa nyumbani, ambako baadaye aligeuka kuwa mwandishi wa vitabu vya watoto anayejulikana duniani kote. Msamaha wa kwanza, wa urefu, haukumdhuru mtu. Wa pili ulitolewa kwa kubahatisha, na ndio unaoeleza kwa nini madaktari wa leo wanataka karatasi nyingi kuliko ujasiri.

Mambo mengine yamefunguka kwa njia ya mahakama. Mei 2008 Mahakama Kuu ya Pretoria ilitamka kwamba sera ya jeshi la Afrika Kusini ya kumkataa kila mwenye VVU inakiuka katiba. Mmoja wa waliolalamika alikuwa mpiga tarumbeta aliyenyimwa nafasi katika bendi ya jeshi. Uingereza nayo, iliyokuwa ikimzuia mwenye VVU kuanza mafunzo ya urubani wa biashara, ililegeza kamba, na Januari 2020 James Bushe akajitokeza hadharani kama rubani wa shirika la Loganair anayeishi na virusi hivyo, kwa sharti la kuruka na rubani mwenzake.

Na hapa nyumbani? Mwanza inalijua jeshi la anga kwa karibu kuliko miji mingi. Machi 29, 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Idi Amin ilikuja kuupiga mji, ikakosea shabaha, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Vijana wanaokua wakisikia simulizi hiyo ni wengi, na tangazo la nafasi za Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likitoka, simu za mkononi hazitulii. Tangazo hutaja uraia, umri, vyeti, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kuhusu mwili husema kwa mstari mmoja: mwombaji awe na afya nzuri na akili timamu. Mstari huo hauna ngazi ya rufaa ndani yake.

JKT imekwenda hatua moja mbele. Wahitimu wa kidato cha sita wanapoitwa kwa mujibu wa sheria, wenye ulemavu unaoonekana huelekezwa kuripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi, mkoani Pwani, yenye miundombinu ya kuwahudumia. Hiyo tayari ni aina ya msamaha, na uzuri wake ni kwamba umetangazwa: mzazi wa Sengerema anausoma na kujua la kufanya.

Kinyume chake ni msamaha unaoshuka kutoka juu. Novemba 7, 2022, siku moja baada ya ndege ya Precision Air kuanguka ziwani Bukoba na kuua watu 19, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza agizo la Rais Samia Suluhu Hassan kwamba mvuvi Majaliwa Jackson, aliyeshiriki kuwaokoa abiria, aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wengi walifurahi. Lakini kijana wa Ukerewe mwenye upofu wa rangi hawezi kungoja ndege ianguke ili afikiriwe, na asipoona njia iliyoandikwa atatafuta mjomba mwenye nyota begani. Koneksheni hustawi pale ambapo utaratibu umenyamaza.

Kwa mbebaji wa selimundu, kazi inaanza kabla ya usaili, maabara. Kipimo cha haraka kinachofanyika katika hospitali nyingi hueleza jambo moja tu: chembe nyekundu zinapinda mfano wa mundu au hazipindi. Hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Kijana anayefika mbele ya daktari na karatasi iliyoandikwa "chanya" pekee amejipeleka mwenyewe kwenye kundi la wagonjwa. Kinachohitajika ni elektroforesisi ya himoglobini, inayozitenganisha aina za himoglobini na kutaja kiasi cha kila moja. Mbebaji husomeka AS, na himoglobini S yake huwa chini ya nusu, kwa kawaida kati ya asilimia 35 na 45. Mgonjwa husomeka SS, na hiyo S huchukua sehemu kubwa ya damu yake. Karatasi hiyo iambatane na ya figo, kwa kuwa wabebaji wachache hukojoa damu, na barua ya daktari bingwa inayosema kijana hajawahi kulazwa wala kuanguka mazoezini. Daktari wa marubani akifungua faili la namna hiyo, ataanzia kwenye asilimia ya S.