Usiseme mgomba umekufa mbele ya kuchimba



Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, shangazi yangu mwenye anaishi Ubelgiji alinitumia picha. Mgomba wa bustani yake, ule alikuwa anajivunia mbele ya majirani, ulikuwa mweusi, majani yamelala kama nguo zenye maji. Usiku mmoja tu wa barafu. Akaniuliza: «Mutoto yangu, weye njo agronome. Umekufa?» Nikajibu haraka: «Umekufa, shangazi. Ng'oa.» Akang'oa.

Nilikosea. Niko na lisansi ya agronomi, nimezaliwa katikati ya migomba ya Masisi, na nilitupisha mgomba wenye labda ulikuwa mzima. Naandika ili wewe usirudilie kosa langu.

Tuanze na kitu chenye wengi tunasahau. Lile tunaita shina la mgomba si shina. Ni mikono ya majani, imefungana mmoja juu ya mwingine kama kitunguu. Shina lenyewe liko ndani ya udongo: ni tunguu, ile kitu nene yenye wamama wanachonga mbele ya kupanda mtoto wa mgomba. Kule njo majani mapya yanazaliwa. Barafu ikishuka, maji ndani ya jani yanaganda na kulipasua kutoka ndani. Lakini udongo unapoa polepole. Majani yote yanaweza kuwa meusi, na tunguu likabaki salama.

Hapa kwetu barafu si kawaida, ila baridi tunaijua. Mgomba unapenda joto la karibu digrii 27. Chini ya 14 hivi, unakaribia kusimama kukua. Na kila ukipanda mlima mita 100, joto linapunguka zaidi ya nusu digrii. Njo maana mgomba wa upande wa Mushaki unachelewa kuzaa kuliko ule wa kando ya ziwa. Koko, mama ya baba, alikuwa anapanda katikati ya mteremko, hapana bondeni, juu baridi ya usiku inatiririka kama maji na kulala chini. Tena alifunika mguu wa mgomba na majani makavu.

Ulaya wanafanya kazi ile ile, kwa nguvu zaidi. Lakini kwanza ujue aina gani iko mbele yako.

Musa basjoo, wenye asili ya China, unavumilia baridi kuliko migomba mingi, na unazaa watoto. Huo unaachwa katika udongo. Barafu ya kwanza ikichoma majani, unayakata na kuacha shina la urefu wa mita moja ao zaidi. Unazungusha wavu wa senyenge, unajaza majani makavu ya ngano, unafunika juu ili mvua isiingie. Chini unaweka majani mengi, sentimita 30 hivi. Hata shina likioza, watoto wanaweza kutoka chini.

Ensete, ule wa majani mapana, mara nyingi mekundu, ni jamaa ya mmea wenye unalisha watu karibu milioni 20 Ethiopia. Huo kwa kawaida hauzai watoto: moyo ukifa, kwisha. Unachimbwa mbele ya barafu. Kata majani, acha changa la katikati, kung'uta udongo, ugeuze kichwa chini siku chache maji yatoke. Kisha ufunge na magazeti, uweke katika kave kavu, kwenye baridi kidogo lakini bila barafu. Usimwagilie kila wiki kwa huruma: unyevu unaozesha. Nje unarudi kisha katikati ya mwezi wa tano, hofu ya barafu ikipita.

Angalisho kwa wale wa huku: majani yakikauka Masisi, usisingizie baridi haraka. Mnyauko wa bakteria uliripotiwa hapa tangu 2001. Kata shina: ukiona maji ya njano yanatoka, ni ugonjwa. Kata shina lile mpaka kwenye udongo, na uchome panga kwa moto mbele ya kugusa mgomba mwingine.

Mwaka tulirudi kutoka kukimbia vita, tulikuta shamba la koko limekatwa lote. Mimi nilikuwa mtoto, nikalia. Yeye aliinama, akafukua udongo na vidole, akafinya tunguu. «Ingali nguvu,» akasema. «Tungoje mvua.» Miezi michache, watoto wa migomba wakatoka, na tukakaa.

Somo lile nililipata mbele ya chuo kikuu, nikalisahau na diploma mkononi. Shangazi amepanda mgomba mwingine. Safari hii akinitumia picha, nitamjibu neno moja kwanza: chimba.