Mashoto, Ubongo na Mtoto Anayechelewa Kusoma

Katika Kiswahili mkono wa kulia umepata jina kutokana na kazi yake, kwa kuwa ndio unaotumika kulia chakula, na huitwa pia mkono wa kuume, ilhali wa kushoto huitwa mkono wa kike. Cheo hicho cha mkono mmoja juu ya mwingine hakiishii katika maneno, kwani mtoto mwenye mashoto hurekebishwa tangu mezani, na akifika shuleni kalamu nayo huhamishwa. Ikitokea kwamba mtoto huyohuyo anachelewa kusoma, mkono wake ndio huwa wa kwanza kushukiwa. Shaka hiyo haikuwa ya wazazi na walimu peke yao, maana wataalamu wa ubongo pia waliishika kwa miongo mingi kabla ya utafiti kuilegeza.

Ubongo mkubwa umegawanyika katika nusu mbili zinazounganishwa na daraja la nyuzi za neva zipatazo milioni 200. Nyuzi nyingi zinazoamuru misuli huvuka upande zinapokaribia uti wa mgongo, na kwa hiyo nusu ya kushoto huendesha mkono wa kulia, na nusu ya kulia huendesha mkono wa kushoto. Nusu hizo hazigawani mwili tu, bali hugawana kazi pia, na mgawanyo huo ndio wataalamu huuita ulateralishaji. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca aliupasua ubongo wa marehemu ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka zaidi ya silabi moja, "tan", akakuta jeraha katika sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto. Baada ya kuwachunguza wagonjwa wengine, alitangaza mwaka 1865 kwamba binadamu husema kwa nusu ya kushoto ya ubongo.

Kutokana na ugunduzi huo ilidhaniwa kwamba mwenye mashoto ni kinyume cha wengine, yaani lugha yake hukaa kulia. Dhana hiyo ilipimwa mjini Montreal kwa wagonjwa waliokuwa wakiandaliwa kupasuliwa kichwa, ambao nusu moja ya ubongo wao ililazwa kwa muda mfupi kwa dawa iliyopitishwa katika mshipa wa shingoni, ili ionekane kama usemi utapotea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1977 yalionyesha kwamba lugha ilikuwa kushoto kwa asilimia 96 ya wanaotumia mkono wa kulia, lakini pia kwa asilimia 70 ya wenye mashoto, na waliobaki waligawanyika kati ya wenye lugha upande wa kulia na wenye lugha pande zote mbili. Kwa hiyo mkono ni dalili hafifu ya mahali lugha ilipo, na wengi wa wenye mashoto, ambao ni kama mmoja katika kila watu kumi duniani, husema kwa nusu ileile wanayosemea wenzao.

Aliyeuhusisha mkono na ugumu wa kusoma kwa nguvu zaidi ni Samuel Orton, daktari wa Iowa, Marekani, ambaye mwaka 1925 aliandika kuhusu watoto wenye akili timamu waliokuwa wakigeuza herufi, na wengi wao wakiwa na mashoto au wakitumia mikono kwa kuchanganya. Alieleza kwamba kila nusu ya ubongo huhifadhi picha ya neno, moja ikiwa kivuli cha kioo cha nyingine, na kwamba nusu isiyotawala isiponyamazishwa, picha hizo mbili hugongana. Mwaka 1982 Norman Geschwind na Peter Behan walilifufua suala hilo waliporipoti kwamba matatizo ya kujifunza yalikuwa mengi zaidi miongoni mwa wenye mashoto, lakini tafiti kubwa zilizofuata zilikuta uhusiano mdogo, usiotosha kumpimia mtoto mmoja.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuliona jambo lenyewe katika maneno mawili, baba na dada, ambayo kwa jicho hutofautiana tu kwa upande ambao tumbo la herufi linaelekea. Ubongo wa mtoto umezoea kwamba kikombe ni kikombe hata mkono wake ukielekea kushoto au kulia, na herufi ndizo zinazovunja kanuni hiyo kwa mara ya kwanza. Ndiyo sababu watoto wengi, wa mkono wowote, hugeuza herufi hadi umri wa miaka saba hivi, bila kuwa na ulemavu wowote.

Katika disleksia, ambayo ni ugumu wa kudumu wa kusoma usiotokana na uhaba wa akili wala wa mafunzo, kiini mara nyingi kiko katika sauti. Mtoto akiambiwa aondoe "ki" katika "kitabu" kisha ataje kinachobaki, na akashindwa ilhali wa rika lake wanajibu "tabu" mara moja, shida imejitokeza hata kabla ya herufi kuonekana. Picha za ubongo unaofanya kazi zinakubaliana na hilo, kwa kuwa maeneo ya nusu ya kushoto yanayounganisha herufi na sauti huonekana kuwa na utendaji mdogo kwa watoto hao, wawe na mashoto au wasiwe nayo.

Hata hivyo, zipo nyakati ambapo mkono huleta habari ya kweli. Mtoto mchanga anayependelea mkono mmoja waziwazi kabla ya kutimiza mwaka anapaswa kupelekwa kwa daktari, kwani huenda mkono wa pili ni dhaifu. Vilevile, jeraha la mapema katika nusu ya kushoto linaweza kuuhamishia mkono wa kushoto kazi za ule wa kulia, na hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa kueleza kwa nini mashoto ni mengi zaidi kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Hapo mashoto ni matokeo ya jeraha, si chanzo cha ulemavu.

Kumlazimisha mtoto abadilishe mkono, kwa hiyo, hakutibu chochote. Anachohitaji ni kuketi upande wa kushoto wa dawati ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani, kuinamisha daftari kuelekea kulia, na kushika kalamu juu kidogo ili aone anachoandika. Orton mwenyewe alikosea kuhusu picha zinazogongana, lakini mafunzo aliyoyaanzisha, ambayo Anna Gillingham aliyaendeleza, yangali yakifuatwa: mtoto huichora b kwa kidole mchangani huku akitamka "ba", kisha d huku akitamka "da", mpaka sauti na umbo vishikane. Zoezi hilo halijali ni kidole cha mkono gani.