AL-RAZI, TABIBU ALIYEMSAHIHISHA MWALIMU WAKE

Katika nchi ya Uajemi, ambayo sasa huitwa Irani, palikuwa na mji wa kale ulioitwa Rayy. Mahali pake sasa ni upande wa kusini wa mji mkuu wa Tehran. Huko ndiko alikozaliwa, yapata mwaka 865, Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya, ambaye watu wote humjua kwa jina la Al-Razi, yaani mtu wa Rayy. Wazungu walimwita Rhazes, na kwa karne nyingi vijana wao waliotaka kuwa madaktari walisoma vitabu vyake.

Sifa ya Al-Razi haikutoka katika dawa peke yake. Ilitoka katika swali alilokuwa akiliuliza maisha yake yote: je, neno liaminiwe kwa kuwa limesemwa na mkubwa, au kwa kuwa limeonekana kuwa kweli? Swali hilo lilimletea heshima kuu, na likamletea maadui pia.

Yasemekana kwamba katika ujana wake alipenda kupiga udi, kisha akajishughulisha na elimu ya kuchanganya na kuyeyusha madini. Uganga aliuanza akiwa mtu mzima. Walakini alisoma kwa bidii hata akapewa kuisimamia hospitali ya Rayy, na baadaye hospitali ya Baghdad, mji wa makhalifa.

Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba alipotakiwa kuchagua mahali pa kujenga hospitali ya Baghdad, alitundika vipande vya nyama katika sehemu mbalimbali za mji, akachagua mahali ambapo nyama ilikawia kuoza. Ni hadithi nzuri, lakini hospitali inayotajwa ilifunguliwa mwaka 981, na Al-Razi alifariki yapata mwaka 925. Bila shaka yeye mwenyewe angalikuwa wa kwanza kuikataa.

NDUI NA SURUA

Kazi yake iliyo mashuhuri kuliko zote ni kitabu kidogo juu ya ndui na surua. Siku zile magonjwa hayo mawili yaliwaua watoto wengi mno, na mara nyingi watu waliyachanganya, kwa maana yote mawili huanza kwa homa na kutoa vipele. Waganga wa zamani walikuwa wameyagusa kwa maneno machache tu. Al-Razi alikaa karibu na vitanda vya wagonjwa, akatazama, akaandika.

Aliandika kwamba kabla ya ndui kutokea, mgonjwa hushikwa na homa isiyokatika, maumivu ya mgongo, mwasho wa pua na hofu usingizini. Kwa mgonjwa wa surua, alisema, maumivu ya mgongo si makali hivyo. Kinachozidi ni kichefuchefu na wasiwasi. Tena alifundisha jinsi ya kuyatunza macho ya mgonjwa, kwa kuwa watu wengi waliopona ndui walibaki vipofu.

Kuhusu chanzo cha magonjwa hayo alikosea. Alidhani kwamba damu ya mtoto huchemka na kuumuka kama maji ya zabibu yanapogeuka kuwa mvinyo. Hakuwa na darubini ya kumwonyesha vijidudu. Lakini alichokiona kwa macho alikieleza sawasawa, na daktari aliyekisoma kitabu chake miaka 900 baadaye aliweza kukitumia kando ya kitanda cha mgonjwa. Kilitafsiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1848 kikatolewa kwa Kiingereza.

KUMPINGA GALEN

Mkubwa wa waganga wote wa zamani alikuwa Galen, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 600 kabla ya Al-Razi. Wakati ule, kusema kwamba Galen amekosea kulikuwa karibu sawa na kuitukana elimu yenyewe. Hata hivyo Al-Razi aliandika kitabu kizima cha kueleza mashaka yake juu ya Galen. Alianza kwa kukiri kwamba Galen ni mwalimu wake na kwamba amefaidika kwake kuliko kwa mtu mwingine ye yote. Lakini, alisema, elimu haikubali mtu kutii bila kufikiri, na Galen mwenyewe aliwalaumu wale waliotaka kuaminiwa pasipo kutoa hoja.

Desturi hiyo inaonekana wazi katika daftari zake za kazi. Katika kila ugonjwa aliandika kwanza maneno ya Wayunani, ya Washami, ya Wahindi na ya Waarabu; kisha akatia neno lenye maana ya "langu", na chini yake akaandika aliyoyaona yeye mwenyewe. Mahali pamoja anaeleza jinsi alivyojaribu matibabu ya kuumika damu kwa wagonjwa walioonyesha dalili za ugonjwa wa utando wa ubongo. Kundi moja aliliumika na jingine akaliacha makusudi, ili ajue tofauti. Madaktari wa leo hawaukubali uponyaji huo, wala hawakubali kumjaribu mgonjwa bila ridhaa yake. Lakini wazo la kulinganisha makundi mawili ndilo linalotumika hata sasa kila dawa mpya inapopimwa.

Baada ya kufa kwake daftari hizo zilikusanywa zikawa kitabu kikubwa sana kiitwacho Al-Hawi. Mwaka 1279 Myahudi mmoja wa Sicily, jina lake Faraj bin Salim, alimaliza kukitafsiri kwa Kilatini kwa amri ya mfalme Charles wa Anjou. Mwaka 1486 kikapigwa chapa katika mji wa Brescia, Italia.

Tena hakuwaandikia wasomi na watawala tu. Aliandika kitabu kwa ajili ya mtu asiyekuwa na tabibu karibu, akaeleza dawa zinazoweza kutengenezwa kwa vitu vipatikanavyo jikoni na sokoni.

AKILI YA KILA MTU

Kama falsafa yake ingalikuwa ya uganga peke yake, pengine asingalichukiwa. Lakini Al-Razi alifundisha kwamba Mungu amewapa wanadamu wote akili, na kwamba watu hutofautiana kwa sababu wengine huitumia na wengine huiacha ilale. Katika mji wa Rayy alibishana juu ya jambo hilo na mwanachuoni aliyeitwa Abu Hatim. Huyo aliuliza: ikiwa ni hivyo, mbona twaona duniani walimu na wanafunzi, viongozi na wafuasi? Tena, je, watu hawahitaji manabii wa kuwaongoza?

Maneno ya Al-Razi katika ubishi huo tunayajua hasa kwa kitabu cha mpinzani wake, na maneno ya mtu yakisimuliwa na mpinzani yapasa kupokewa kwa hadhari. Ndiyo sababu wataalamu bado wanahojiana kama kweli aliikataa dini, au alikataa tu watu kufuata wakubwa pasipo kufikiri. Mwanachuoni Al-Biruni alihesabu vitabu vyake 184, na vingi kati ya hivyo vimepotea.

Wengine walimlaumu kwamba hakuishi maisha ya dhiki kama wanafalsafa wa kale. Aliwajibu kwamba mwenye hekima hana haja ya kuutesa mwili wake, wala hapaswi kuupa kila unachokitamani. Njia ni ya kati. Alionya pia kwamba si haki kumtia mnyama maumivu pasipo sababu kubwa. Farasi asiendeshwe hata kuzimia, ila kama ni kuokoa maisha ya mtu. Mkulima mwenye ng'ombe wa kulimia au punda wa kubebea mizigo ataielewa hukumu hiyo bila kufasiriwa.

Mwisho wa maisha yake macho yalipotea. Mwenyewe aliandika kwamba kusoma na kuandika usiku na mchana kumemdhoofisha macho na mkono, na kwamba hata hivyo huwaomba watu wamsomee na kumwandikia.

MWISHO WA NDUI

Ugonjwa alioueleza haupo tena. Mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, nchi ya Somalia, mwaka 1977, naye alipona. Mwezi wa Oktoba 1979 ilitangazwa hapa Nairobi kwamba Pembe ya Afrika imeokoka na ndui, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha ulimwenguni kote. Ushindi huo uliletwa na chanjo. Lakini wale waliotembea nyumba kwa nyumba kuwatafuta wagonjwa walipaswa kwanza kujua ni vipele gani vya ndui na ni vipi si vya ndui.

Surua ingalipo, na ingali inaua watoto wasiochanjwa. Mzazi anayempeleka mtoto wake kuchanjwa, na kumwuliza daktari au mwuguzi jambo asilolielewa, hamvunjii mtu heshima. Al-Razi alimwuliza Galen mwenyewe.